Elektroni bila dalali: mwanga na umeme katika kutengeneza dawa na kemikali

Mtu mzima mwenye malaria isiyo kali, Tanzania au Kenya, hupewa vidonge 24 vya dawa mseto: vinne asubuhi, vinne jioni, siku tatu, na muuguzi anamsisitizia ale chakula chenye mafuta kidogo ili dawa iingie vizuri mwilini. Rangi ya manjano ya vidonge inatokana na lumefantrini. Mwenzake ndani ya kidonge, artemetha, hutengenezwa kutokana na artemisinini, na ndiyo inayofanya kazi ya haraka. Nguvu yake imo kwenye kipande kidogo sana cha molekuli: atomu mbili za oksijeni zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe, kama daraja linalounganisha kingo mbili. Kifungo cha oksijeni kwa oksijeni ni dhaifu, na udhaifu huo ndio dawa yenyewe. Kimelea anapokula himoglobini ya damu yetu, anaachia hemu, kipande cha himoglobini chenye chuma. Chuma kikigusana na daraja, linakatika, na vipande vyake vinashambulia protini za kimelea kutoka ndani.

Sasa fikiria kazi ya mkemia anayetakiwa kulijenga daraja hilo kiwandani. Anatakiwa kupachika kifungo kinachokatika kwa urahisi kwenye molekuli iliyojaa vifungo vingine, bila kuharibu hivyo vingine na bila kukata daraja lenyewe. Moto mkali haufai, na kemikali kali nazo zinaleta balaa jingine. Kiwanda kimoja cha Garessio, kaskazini mwa Italia, kiliamua kutumia taa.

Uamuzi ule ulionekana wa ajabu kwa wengi nje ya fani, lakini una ukoo mrefu, na ndugu yake wa karibu ni umeme. Mwanga na umeme vimerudi kwa kishindo katika kemia ya kaboni, yaani kemia ya dawa, manukato, rangi, plastiki na viuatilifu. Vinasifiwa kuwa njia ya kijani. Mimi nazipenda sana njia hizi, na kwa sababu hiyo nataka tuzielewe kwa undani, pamoja na mahali ambapo sifa zinazidi ukweli.

Dalali anakula kiasi gani

Mimenyuko mingi ya kemia ya kaboni, ukiifumbua, ni habari ya elektroni: nani anatoa, nani anapokea. Molekuli ikinyang'anywa elektroni tunasema imeoksidishwa. Ikipewa, ni kinyume chake. Tatizo ni kwamba elektroni haiuzwi kwenye chupa. Kwa zaidi ya karne moja wakemia wameinunua na kuiuza kupitia dalali, yaani kemikali ya pili ambayo kazi yake ni kubeba elektroni tu, na ambayo ikishazibeba haina kazi tena.

Chukua kazi ya kawaida kabisa, kugeuza alkoholi kuwa ketoni. Kwenye vitabu vya zamani dalali wa kazi hii ni trioksidi ya kromi ndani ya asidi ya salfuriki. Kila molekuli tatu za alkoholi zinahitaji kromi mbili. Kama unachotengeneza kina uzito wa gramu 200 kwa moli (moli ni kipimo cha wakemia cha kuhesabia molekuli), kilo moja yake itakula takriban gramu 330 za trioksidi ya kromi, na hapo tumejifanya hakuna hata punje iliyopotea. Kromi ya aina hiyo husababisha saratani. Baada ya kazi inabaki kama metali nzito ndani ya maji ya asidi, na lazima mtu ailipie gharama ya kuitupa salama.

Upande wa pili kuna bati. Ukitaka kung'oa atomu ya bromini kwenye molekuli na kuweka hidrojeni mahali pake, njia iliyofundishwa kwa miongo mingi ni hidridi ya tributili-bati. Moli moja ya kemikali hiyo ina gramu 291. Maana yake kilo moja ya zao lako la gramu 200 kwa moli inaandamana na karibu kilo moja na nusu ya kemikali ya bati yenye sumu. Na mabaki ya bati hayatoki kirahisi. Yanang'ang'ania zao kama masizi kwenye kitako cha sufuria, jambo ambalo kwa dawa ya kumezwa halikubaliki.

Mwaka 1992 mkemia Roger Sheldon alipendekeza kipimo rahisi: hesabu kilo za taka kwa kila kilo ya zao. Kwa kemikali za kawaida zinazozalishwa kwa wingi, jibu huwa chini ya kilo 1 hadi kilo 5. Kwa dawa ni kilo 25 hadi zaidi ya 100. Soma tena namba hiyo. Dawa, ambayo hupitia hatua nyingi na kutakiwa iwe safi kabisa, ndiyo yenye taka nyingi kuliko zote kwa uwiano. Sehemu kubwa ya taka hiyo si kromi wala bati. Ni kiyeyushi, yaani kimiminika ambamo kazi nzima inafanyikia, na kile kinachotumika kusafishia baadaye. Jambo hilo nitalirudia, kwa sababu linaharibu hesabu nyingi za watu wenye matumaini.

Fimbo ya kaboni kutoka kwenye betri ya tochi

Nilikuwa kidato cha tatu nilipoona elektroni zikifanya kazi bila dalali, ingawa wakati ule nilidhani naona maonyesho tu. Mwalimu alituambia tulete betri za tochi zilizokufa. Akazipasua kwa koleo, akatoa fimbo nyeusi ya kaboni iliyo katikati ya kila moja, akazisugua kwa msasa. Mbili akazitumbukiza kwenye bika la salfeti ya shaba, bluu iliyokolea, akaziunga kwa waya na betri mpya. Dakika za mwanzo hatukuona kitu. Halafu fimbo moja ikaanza kuvaa wekundu, ikaonekana shaba halisi, unaweza kuikwangua kwa ukucha. Fimbo ya pili ilikuwa inatoa viputo vidogo vya oksijeni. Tulipoondoka darasani bluu ilikuwa imeanza kupauka.

Shaba iliyokuwa ndani ya maji ilikuwa na upungufu wa elektroni mbili kwa kila atomu, na ilizichukua moja kwa moja kwenye fimbo. Hapakuwa na kemikali ya tatu. Kinachofanyika katika usanisi wa kisasa kwa umeme, yaani kutengeneza molekuli kwa umeme, ni kile kile, ila badala ya shaba unatumbukiza molekuli ya kaboni. Kwenye fimbo moja, anodi, molekuli inanyang'anywa elektroni. Kwenye fimbo ya pili, kathodi, inapewa. Kinachobaki baada ya hapo hakijatulia, kwa hiyo haraka kinaungana na jirani, kinaachia kipande au kinajikunja na kujifunga pete. Mkemia anachagua masharti ili kifanye anachotaka yeye.

Uzuri wa kwanza ni kwamba nguvu inachagulika. Dalali wa kemikali ana ukali mmoja aliozaliwa nao. Kwa umeme, unaongeza volti kidogo kidogo mpaka ufikie sehemu ya molekuli inayotoa elektroni kirahisi, na unaishia hapo, kabla ya kugusa sehemu ngumu zaidi. Uzuri wa pili ni kwamba ukizima swichi, msukumo unakoma. Aliyewahi kuona mmenyuko wa kemikali kali ukipanda joto bila breki anajua thamani ya swichi.

Gharama yenyewe je? Moli moja ya elektroni ni kulombu 96,485, kulombu ikiwa kipimo cha chaji ya umeme. Tuseme kila molekuli inahitaji elektroni mbili, na tunasukuma kwa volti 3. Kwa kilo moja ya lile zao letu la gramu 200 kwa moli, jibu ni takriban uniti 0.8. Uniti hizi hizi za kwenye mita ya nyumbani, haifiki hata moja, kufanya kazi iliyokuwa inamaliza gramu 330 za kromi. Hesabu hiyo ni ya hali bora kabisa. Kiukweli myeyuko unapinga umeme na kupata joto, na elektroni nyingine zinapotelea kwenye kazi isiyotakiwa. Zidisha mara tatu ukitaka, bado ni ndogo.

Na si jambo jipya. Michael Faraday alipitisha umeme kwenye myeyuko wa asetati mwaka 1834 akapata gesi iliyoundwa kwa kaboni na hidrojeni, na katika miaka ya 1840 Mjerumani Hermann Kolbe aliigeuza kuwa njia ya kuunganisha vipande vya kaboni. Kiwandani, mfano mkubwa ni wa Manuel Baizer wa kampuni ya Monsanto, Marekani. Alikuwa anatafuta njia ya kutengeneza adiponitrili, mali ghafi ya aina moja ya nailoni, kwa kuunganisha molekuli mbili za akrilonitrili kwenye kathodi. Kikwazo kilikuwa maji: elektroni zikikutana na maji zinatoa hidrojeni, na akrilonitrili ikipata hidrojeni kabla ya kumpata mwenzake inakuwa kitu kingine kisichotakiwa. Baizer aligundua kuwa chumvi fulani zenye nitrojeni na mikono minne ya kaboni hujikusanya kwenye uso wa kathodi na kuyasukuma maji pembeni, zikiacha mahali pakavu kiasi cha molekuli mbili kukutana. Kiwanda kilianza mwaka 1965. Hadi leo hiyo ni miongoni mwa kazi kubwa kabisa za usanisi wa kaboni kwa umeme duniani.

Tabaka lile la chumvi kwenye uso wa metali, lenye unene wa molekuli chache, linanivutia kuliko mtambo wenyewe. Watu wakisikia umeme wanafikiria volti na waya. Kumbe kazi iliamuliwa na nani amesimama mlangoni pa kathodi.

Sasa kuna jambo ambalo wapenzi wa umeme hulitaja kwa haraka. Elektroni unayoiingiza upande mmoja lazima itoke upande wa pili. Huwezi kuwa na kathodi bila anodi. Kwa hiyo kila unapotengeneza kitu chako kwenye fimbo moja, fimbo ya pili inafanya jambo fulani, utake usitake. Maabara nyingi huweka pale kipande cha magnesiamu au zinki kiyeyuke polepole na kutoa elektroni. Hapo dalali amefukuzwa mlango wa mbele akaingia kwa mlango wa uani, kwa sababu metali ile inaliwa na inakuwa taka kama kawaida. Wengine huacha upande wa pili utoe hidrojeni kutoka kwenye asidi au alkoholi, jambo ambalo si baya.

Jibu zuri kuliko yote ni kufanya fimbo zote mbili zitengeneze kitu unachokiuza. Kampuni ya BASF huko Ludwigshafen, Ujerumani, ilianza kufanya hivyo mwaka 1999: kathodi inatengeneza ftalidi, inayotumika kwenye viuatilifu vya kuvu, na anodi inatengeneza mali ghafi ya manukato. Ndani ya mtambo mmoja, mkondo mmoja. Elektroni zilizonyang'anywa molekuli ya manukato ndizo zinazopewa molekuli ya kiuatilifu. Kila elektroni inalipwa mara mbili, na wataalamu huandika ufanisi unaokaribia asilimia 200 bila kuvunja sheria yoyote ya fizikia. Ugumu wake unaonekana wazi: ni lazima soko lihitaji vitu vyote viwili kwa uwiano ule ule unaotoka mtamboni.

Kuna na suala la chumvi. Viyeyushi vingi vya kemia ya kaboni havipitishi umeme, kwa hiyo lazima uongeze chumvi ya kuupitisha, wakati mwingine nyingi kuliko zao lenyewe. Asiyeirudisha na kuitumia tena amebadilisha taka moja kwa nyingine.

Rangi inayodaka mwanga

Giacomo Ciamician alikuwa profesa wa kemia Bologna, Italia. Kuna picha yake maarufu akiwa kwenye roshani ya taasisi yake, amezungukwa na chupa zilizopangwa juani kama mtu anayeanika samaki. Mwaka 1912 alihutubia mkutano wa wakemia New York, akawaambia kuwa makaa ya mawe yana mwisho, na kwamba ingewezekana siku moja kwenye nchi kame zikaota koloni za viwanda zisizo na moshi wala mabomba ya moshi, misitu ya mirija ya vioo ikifanya kazi kwa jua. Alizisema habari hizo zaidi ya miaka 110 iliyopita. Kwa nini haikutokea?

Sababu ya kwanza ni nishati. Mwanga huja kwa vifurushi, fotoni, na ukubwa wa kifurushi unategemea rangi. Fotoni za bluu, zenye urefu wa wimbi wa nanometa 450, zina takriban kilojuli 266 kwa moli. Kifungo cha kaboni kwa kaboni kinahitaji kama 350 ili kikatike. Ukipanda hadi urujuanimno wa nanometa 254 unapata kilojuli 471, na hapo unaweza kukata karibu chochote. Hiyo ndiyo shida yake. Ni kama kufungua dafu kwa shoka la kuni: limefunguka, lakini maji yote yako chini. Zipo kazi zinazostahimili urujuanimno. Vitamini D3 nyingi ya vidonge hutengenezwa kwa kumulika kemikali inayotokana na mafuta ya manyoya ya kondoo, na ngozi yetu hufanya jambo hilo hilo tukipigwa na jua. Kwa molekuli nyingi za dawa, hata hivyo, shoka ni shoka.

Sababu ya pili ni kwamba molekuli nyingi za kaboni hazina rangi. Kitu kisicho na rangi hakidaki mwanga unaoonekana. Unapita kama kwenye kioo cha dirisha. Jua la mchana kutwa linaweza kuangaza chupa ya kemikali ya namna hiyo na isitokee kitu.

Kinachohitajika ni mtu wa kati mwenye rangi, lakini asiye dalali wa kula mtaji. Chukua kampaundi ya rutheni, metali adimu, yenye rangi ya chungwa na inayopenda mwanga wa bluu wa karibu nanometa 452. Fotoni inapoipiga, elektroni yake moja inaruka ngazi ya juu na kuacha nafasi chini. Kwa muda wa kama mikrosekunde moja, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde, molekuli hiyo ina tabia mbili kwa pamoja. Elektroni iliyo juu inatoka kirahisi, kwa hiyo ni mkarimu kuliko kawaida. Nafasi iliyo chini inavuta, kwa hiyo ina njaa kuliko kawaida. Mikrosekunde moja kwetu si kitu, lakini kwa molekuli zinazogongana ndani ya kimiminika ni muda mrefu wa kutosha. Rutheni inatoa elektroni kwa jirani mmoja, inachukua nyingine kwa jirani wa pili, inarudi ilivyokuwa, na kusubiri fotoni inayofuata. Inazunguka hivyo mara nyingi, ndiyo maana unaweka kidogo tu. Ni kichocheo, haiishi.

Rutheni ile ilijulikana kwa miaka mingi kwa watafiti wa nishati ya jua. Wakemia wa usanisi walizinduka mwaka 2008, pale David MacMillan na David Nicewicz wa Princeton, na kundi la Tehshik Yoon wa Wisconsin, walipochapisha kazi zao. Mwaka uliofuata kundi la Corey Stephenson, wakati huo Boston, lilionyesha kuwa bromini inaweza kung'olewa kwa rutheni na mwanga, bila lile bati la kilo moja na nusu. Kilichowashangaza wasomaji ni kuona taa za kawaida za nyumbani zikitajwa kwenye orodha ya vifaa. Muda si mrefu LED za bluu zikashuka bei, na leo maabara nyingi zinawaka bluu usiku kucha.

Mwanga nao una ubaya wake, na ni ubaya wa jiometri. Kimiminika chenye rangi hunyonya mwanga kwenye milimita chache za kwanza. Kwenye kichupa cha maabara hilo si tatizo. Kwenye pipa la lita 1,000, nje kunawaka na ndani ni giza totoro. Pilau ya harusi unaipika kwa sufuria kubwa na kuni nyingi, lakini mwanga hauongezwi hivyo. Ukiongeza taa unachoma tabaka la nje tu. Dawa yake imekuwa kuacha pipa na kutumia mrija mwembamba, kimiminika kikipita polepole kando ya taa, saa 24. Badala ya chombo kikubwa unapata safari ndefu.

Kuna hesabu nyingine ya mwanga ambayo haisemwi sana. Kama kila fotoni ingefanya kazi, kilo moja ya zao letu ingehitaji mwanga wa bluu wenye nishati ya uniti 0.37 hivi, na LED inayogeuza nusu ya umeme kuwa mwanga ingetumia uniti 0.74. Lakini kama fotoni moja tu kati ya kumi ndiyo inayozaa molekuli, hesabu inaruka hadi zaidi ya uniti saba, na taa yenyewe inahitaji kupozwa. Kwa hiyo umeme wa waya, kwa kazi inayofanana, mara nyingi hula kidogo kuliko umeme unaogeuzwa kwanza kuwa mwanga. Mwanga unajilipia pale unapofanya jambo ambalo waya hauwezi.

Kilichotokea Garessio

Daraja la oksijeni ni mojawapo ya mambo hayo.

Artemisinini hutoka kwenye majani ya *Artemisia annua*, mmea wa Kichina ambao Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuuchunguza. Wakulima wa Kenya, Tanzania na Uganda wameulima pia. Kilo 100 za majani makavu hutoa kama kilo moja ya artemisinini, mara nyingi pungufu, na bei imekuwa ikipanda na kushuka kama ya vitunguu: mwaka huu mkulima analia, mwaka unaofuata kiwanda kinalia. Ili kuituliza, kundi la Jay Keasling wa Berkeley lilipandikiza jeni za mmea ndani ya hamira, jamii ile ile ya hamira ya mandazi, ikaanza kutoa asidi ya artemisini. Asidi hiyo bado haina daraja. Kampuni ya dawa ya Sanofi, iliyokuwa na kiwanda kile cha Garessio, ikachukua hatua zilizobaki.

Kwanza asidi inaongezewa hidrojeni. Kisha inawekwa kwenye kimiminika pamoja na oksijeni na rangi iitwayo tetrafenilipofirini, na kumulikwa. Oksijeni tunayovuta ina elektroni mbili za mwisho zinazozunguka upande mmoja, na hali hiyo inaifanya iwe mvivu. Vinginevyo tungeungua sote kama karatasi. Rangi inadaka mwanga na kuikabidhi oksijeni nishati hiyo. Elektroni zake zinajipanga upya, na oksijeni iliyoamshwa namna hiyo inavamia mahali mahususi pa molekuli, kwenye kifungo maradufu, bila kuhangaika na pengine. Asidi kidogo na oksijeni ya pili, ya kawaida, zinamalizia, na molekuli inajikunja yenyewe mpaka daraja linafunga. Pofirini ni ukoo mmoja na hemu ya damu na klorofili ya majani. Pete ya aina moja husaidia kulijenga daraja chini ya taa, na pete ya aina hiyo hiyo, ikiwa na chuma katikati, inalikata ndani ya kimelea.

Uzalishaji ulianza mwaka 2013, kwa mtambo wenye uwezo wa tani 50 hadi 60 kwa mwaka. Mwaka 2012 Peter Seeberger na François Lévesque wa taasisi ya Max Planck, Potsdam, walikuwa wameshaonyesha kazi hiyo hiyo ikifanyika kwa mfululizo kwenye mrija mwembamba wa plastiki uliozungushwa kwenye taa. Kikemia lilikuwa jambo la kupendeza. Kijani je? Taa za Garessio zilikuwa za zebaki, na kiyeyushi kilikuwa cha klorini. Ukiweka mezani hesabu nzima, fotoni zilikuwa safi na vilivyozizunguka havikuwa safi kiasi hicho. Hiyo ndiyo sababu siridhiki mtu anapoandika neno kijani kwa kuwa tu ameona taa kwenye mchoro. Uliza kiyeyushi kimekwenda wapi, chumvi imerudishwa, metali inatoka mgodi gani, umeme umefuliwa kwa kutumia kitu gani.

Swali la mwisho lina jibu tofauti kila nchi. Gridi ya Kenya hupata karibu tisa ya kumi ya umeme wake kutoka mvuke wa ardhini wa Olkaria na kwingineko, maji, upepo na jua. Uniti moja pale haina moshi wa uniti inayotoka kwenye makaa ya mawe. Swali la metali nalo ni zito. Iridi, dada wa rutheni anayependwa sana na maabara hizi, huchimbwa tani chache tu kwa mwaka duniani, nyingi Afrika Kusini, na haiwezi kuwa msingi wa viwanda vya dunia nzima.

Ndiyo maana watafiti wamegeukia rangi zisizo na metali adimu, na hapa kila mtu aliyefanya kazi kwenye maabara ya zahanati atashtuka kidogo. Zinazopendwa ni pamoja na eosini na bluu ya methilini. Tone la damu likipakwa kwenye kioo kutafuta malaria, hutiwa rangi ya Giemsa, ambayo ni jamii hizo mbili zikiwa pamoja: eosini inapaka chembe za damu waridi, na za bluu zinapaka kimelea, hata anaonekana kama kijipete chenye kito. Eosini hudaka mwanga wa kijani na kuhamisha elektroni karibu kama rutheni. Bluu ya methilini hudaka mwanga mwekundu na kuamsha oksijeni. Kemikali ya kumtambulisha kimelea inaweza kusaidia kujenga silaha ya kumuua.

Mwaka 2017 kundi la Timothy Noël, Eindhoven, Uholanzi, lilitumia bluu ya methilini hiyo hiyo kwenye kifaa chenye umbo la jani. Ni bamba la plastiki nyekundu lenye mirija myembamba ndani yake kama mishipa ya jani. Plastiki inakusanya jua la rangi mbalimbali na kulitoa likiwa jekundu, rangi inayodakwa na bluu ya methilini, moja kwa moja kwenye mirija. Hakuna taa wala uniti za kununua. Ciamician angekitambua kifaa kile mara moja.

Garessio yenyewe iliuzwa mwaka 2016. Sanofi ilihitaji dola 350 hadi 400 kwa kilo ili isipate hasara, na artemisinini ya shambani ilikuwa imeshuka chini ya dola 250. Na wanasayansi wengi wanaochunguza mmea huo wanaona kuwa hatua ya mwisho, ile ya daraja, haifanywi na kimeng'enya chochote. Asidi ile ile, ikiwa na hidrojeni yake ya ziada, inakaa kwenye vijitezi vidogo juu ya uso wa jani, hewa inaigusa, jua linaiwakia, na siku mkulima anapofyeka shamba lake sehemu kubwa ya madaraja imeshajengwa.